Dari ya Darasa la Tatu

"Bibi Helju, nani aliipaka dari yetu rangi nyeupe?"

Nilikuwa na miaka tisa, nimelala chali sakafuni darasani. Bibi Helju alikuwa akichochea jiko la vigae la kupashia darasa joto.

"Ukizidi kutazama juu utaota shingo ya bata bukini," alisema. "Inuka, sakafu ina baridi."

Akageukia jiko lake. Kijiji kizima cha Lehtmäe kilijua kuna picha chini ya ule weupe, maana darasa letu lilikuwa ukumbi wa kulia chakula wa baroni, bwana mwenye ardhi yote ya hapa, kabla mashamba hayajagawiwa na madawati kuingizwa. Picha za nini, hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mama alisema malaika. Mwalimu wa hesabu alisema farasi. Waliozifuta, wote walikubaliana, ni wakubwa fulani wa mjini waliochukia kila kitu cha baroni.

Bibi Helju alifika shuleni mara baada ya Vita Kuu ya Pili, msichana wa miaka kumi na sita na sanduku moja, akapewa chumba nyuma ya jiko la kupikia la shule. Hajahama. Majiko kumi na moja aliyawasha kila asubuhi kabla hatujafika, na alikuwa akiyasengenya: "Namba saba ana kiburi leo, msimsogelee." Ukipita na viatu vya nje kwenye sakafu ya mbao, alikujua kwa mlio tu.

Mwaka huu, mimi nikiwa sasa mwalimu hapo hapo, akaja Madis, fundi wa picha za kale kutoka mji wa Tartu, kuzifunua picha zetu. Alikwangua kipande cha kona ya dari kwa kisu. Weupe ukatoka, na wekundu wa chini ukatoka nao.

"Sijui ni rangi gani hii nyeupe," alisema. "Ningemjua aliyepaka ningemuuliza, lakini si ameshakufa? Jumatatu nakwangua yote. Kitakachopona kitapona."

Nilikimbia hadi chumbani kwa Bibi Helju. Sasa ana miaka themanini na tatu. Alikuwa akikata mkate mweusi.

"Kwa kisu?" aliuliza.

"Kisu, bibi. Na chini kuna nyekundu."

Aliweka mkate chini. "Hilo ni tufaha. Huyo kijana ana haraka ya nini? Keti, Eerika. Uliwahi kuniuliza, ukiwa na mapengo. Niliogopa mtasema niliharibu."

Nikavuta kigoda, nikaketi.

"Ni mimi. Mwaka wa arobaini na saba. Juu kulikuwa na matufaha, zabibu, paja la nguruwe linalong'aa mafuta. Chini watoto ishirini na tisa, kila mmoja na kiazi kimoja baridi, macho yote darini. Mwalimu anaita, hakuna anayesikia. Kuna kadogo kamoja kalikuwa kanatafuna, na mdomoni hakana kitu. Nikaponda chaki za ubaoni, nikachanganya na gundi ya useremala, ile ya mifupa. Mwambie huyo kijana atumie maji ya uvuguvugu na sifongo. Nilichagua kitu kinachotoka."