Mboji ya Mama Ilivyoshtakiwa Barazani

Harufu ya rundo lililokuwa nyuma ya jiko letu, bondeni karibu na Kalenga, ilinifikia kabla sijafungua macho: harufu ya majani yaliyooza, ya msitu baada ya mvua, na kwa mbali ya uyoga. Mama alilijenga kwa majani ya mkuyu aliyoyazoa kando ya mto, samadi ya mbuzi na pumba za ulezi. Baada ya wiki kadhaa liliota utando mweupe, kisha ukungu wa kijani. Nilikuwa na miaka tisa na nilichukia kulichimbua. "Ukiona kijani hicho, limeiva," aliniambia. Ndipo alipochanganya ile mboji na udongo wa kitalu, akasia mbegu za nyanya na kabichi za kinyungu chetu, yaani lile shamba dogo la bondeni lililotulisha kiangazi kizima.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, kinyausi, ule ugonjwa wa miche, kiliingia vitaluni. Mche uliouacha mzima jioni uliukuta asubuhi umeanguka, shina limenywea na kuoza pale linapogusana na udongo. Bwana shamba akaja na baiskeli yake na amri ya serikali: kila rundo la uozo lichomwe, na vitalu vimwagiwe dawa ya mrututu. Alisimama mbele ya rundo letu akiwa ameziba pua kwa kitambaa.

"Mama, ugonjwa unaufuga mwenyewe hapa."

"Kamwene, bwana," mama alijibu, maana hakuwa amesalimiwa. "Angalia kwanza kitalu changu. Kuna mche ulioanguka?"

Hakuangalia. "Mpaka Ijumaa liwe limechomwa."

"Halitachomwa."

Ijumaa mama aliitwa barazani kwa jumbe, nami nikamfuata nimeshika khanga yake. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na bonde la mjane halikosi wa kulitamani. Jumbe alimsihi kwa upole. "Sekalinga, choma tu yaishe. Ukikataa, nitaamriwa nikunyang'anye kinyungu."

"Ninyang'anyeni," mama alisema bila kupaza sauti. "Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Udongo ule nimeuinamia miaka ishirini. Huyu bwana hata kuinama hajainama."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimponza mama. Alihukumiwa wiki mbili za kuchimba barabara. Habari ya kinyungu ingeamuliwa baadaye. Asubuhi ya kwanza, jembe likiwa begani, aliniagiza neno moja tu: wakija kuchoma, niketi juu ya rundo. Walikuja kweli. Tarishi wa baraza alifika na kiberiti mkononi, nami nikapanda, nikaketi. Rundo lilikuwa na joto chini yangu kama mnyama aliyelala. Tarishi alinitaka nishuke mara tatu. Sikushuka, naye akaondoka akinung'unika.

Mama aliporudi na malengelenge viganjani, vitalu vingi vya jirani vilikuwa vimebaki udongo mtupu, vilivyomwagiwa mrututu na visivyomwagiwa. Chetu kilisimama. Bwana shamba alikuja, safari hii akachuchumaa, akang'oa mche mmoja na kuitazama mizizi yake myeupe. "Unaweka nini humu?" aliuliza. Mama akamwambia, "Swali hilo lilikuwa la kabla ya Ijumaa." Bwana huyo hakumpa kitu, lakini jirani zake aliwagawia mboji kwa vikapu, hata wale waliocheka barazani. Habari ya kunyang'anywa haikutajwa tena. Wala mama hakudai miujiza: mwaka uliofuata viazi vyetu vilinyauka, na mboji haikuviokoa.

Juzi, mjini Iringa, kijana wa duka la pembejeo alinionyesha pakiti ya unga wa kijani kama ule ukungu wa rundo la mama. "Ndani mna kuvu hai, bibi. Inaila ile inayoleta kinyausi." Nilifurahi, nikainunua, sina ugomvi na maarifa, hata yakichelewa. Lakini alipoongeza kwamba wazee wetu walikuwa wakibahatisha tu, nilimkatiza. Mwenye kubahatisha huacha anapotishwa. Mama yangu alitishwa, akaadhibiwa, akarudi nyumbani, na kabla hata ya kunawa mikono akaenda mtoni kuzoa majani.