Kuonja Mbele ya Mugeni

Nyumba yetu iko Rubona, juu ya bandari, pale barabara inapinda mbele ya kushuka ku maji. Bwana yangu aliijenga polepole, chumba moja, kisha ingine, na mawe yake nilibeba mimi ku kichwa. Alipokufa, ndugu wa Goma walivuka, wakalia, wakakula, wakarudi mbele ya mupaka kufungwa. Mi sikulia. Watu wakasema niko na nguvu. Haikuwa nguvu. Nilikuwa kama mukono yenye umelalia: iko pale, lakini si yako. Tangu siku ile hata mudomo haisikii kitu. Chumvi, sukari, pilipili, yote maji.

Mutoto yangu mwanamuke anafanya kazi ku ofisi kule Kigali. Akaniambia: "Mama, ile nyumba ni kubwa kwako. Tuiweke ku internet. Wageni watakuja siku mbili tatu, watajipikia."

"Mugeni ajipikie? Na mi nimekufa?"

"Utakuwa ku annexe. Utafungua, utafunga. Ni ile tu."

Annexe ni kanyumba ya nyuma, kenye tulikuwa tunawekamo majembe na makala. Nikaingiamo na kitanda yangu. Masomo niliacha darasa ya tano, lakini niko na wajukuu tisa, wote wanasoma, wawili wanasomea udaktari. Hakuna mutu Rubona mwenye sijamwambia. Na mimi, nyogokuru yao, nikalala penye majembe.

Wageni walikuja, walienda. Niliwaona ku dirisha kama watu wa televisheni. Halafu wakafika Wazungu wawili, bwana na bibi, vijana. Walinunua sambaza ku bandari, zile samaki ndogo za ziwa, wakaziweka ndani ya sufuria ya maji. Wakazitokosa! Kama viazi! Mi sikuchoka na mambo mingi mwaka ule, lakini ile ilinichosha.

Nikakaanga zangu ku babula ya makala, kavu kabisa, na kitunguu. Nikavuka kiwanja, nikaingia, nikaweka sahani ku meza. "Bon appétit." Ni Kifaransa chote niko nacho. Kisha nikafanya vile mama yangu na mama yake walifanya: nikachukua samaki ya kwanza ku sahani yao, nikatafuna, nikameza, nikafungua mudomo waone iko tupu. Kwetu, mwenye kuleta chakula anaonja mbele ya mugeni, juu mugeni ajue hakuna sumu. Bila ile, ni matusi.

Wakaangaliana. "Merci, maman," bwana akasema, akasukuma sahani kidogo.

Asubuhi niliikuta ile sahani ku ngazi ya annexe. Ilipungukiwa samaki moja tu. Yangu.

Kisha mutoto akapiga simu. "Mama, wale Wazungu wameandika ku internet! Wanasema kuna mukecuru, mwanamuke muzee, anaingia bila kubisha, anakula ku sahani yao!"

"Nilionja. We mwenyewe unajua."

"Wao hawajui! Wanaona ni uchafu!"

"Basi ningewawekea sumu, ingekuwa usafi?"

"Mama! Jumamosi nakuja kukuchukua. Utaishi kwetu Kigali. Ku ile nyumba nitaweka mutu wa kazi."

Nilifunga vitenge yangu ndani ya mufuko, nikakaa juu yake. Nilikuwa nimepanga kutoka Rubona mara moja tu, ndani ya sanduku. Nilingoja kulia. Hakuna kitu ilikuja.

Jumamosi akafika saa sita, vumbi mupaka ku nyusi. Wazungu walikuwa wamekwisha enda.

"Tunachukua bisi ya saa tisa," akasema.

"Kula kwanza."

Nikapika ndani ya jikoni yangu kubwa, ku jiko ya gazi ya wageni. Sambaza tena, na bugali. Nikaweka sahani mbele yake. Yeye alikuwa anaongea: chumba yenye alinitengenezea, kitanda ya mupya, kanisa iko karibu. Aliongea, aliongea, mukono juu ya meza. Bugali ikaanza kupoa.

"Kula basi."

"Si ninakungojea uonje..."

Akasikia maneno yake mwenyewe, akaangalia ile sahani.

Nikachukua samaki moja, nikatafuna na kichwa yake, nikameza. Nikafungua mudomo. "Ona. Sijakufa."

Akacheka, kisha akafunika uso na kitambaa ya kichwa, na mabega yake ikaendelea kutikisika. Nikamuangalia. Nikasogeza sahani karibu yake. Akajipangusa, akakula moja.

"Mama we! Chumvi!"

"Ni nyingi?"

"We hausikii?"

"Tangu tulizika baba yako."

Hakujua. Sikuwa nimemwambia mutu. Akavuta sahani, akakula zote, moja moja, na maji ya kunywa kila mara, bila kuniangalia.

Alipomaliza akatoa simu. "Bon. Naandika: ku hii nyumba, mama mwenye nyumba analeta sahani moja, na anaionja mbele ya mugeni. Mwenye hataki, apange kwingine."

"Na bisi?"

"Nitapanda peke yangu. Na we, Mama, ubishe ku mulango."

"Ku mulango yangu?"

"Ubishe."

Nikamusindikiza mupaka barabarani. Nikarudi, nikatoa vitenge ndani ya mufuko. Ile sahani ilikuwa bado ku meza. Nikapitisha kidole ndani ya mafuta na chumvi, nikalamba.

Maji.

Nikaiosha.