Nilizipeleka Dawa za Mwanangu Madhabahuni

Nimekosa, na kosa langu lina tarehe: Jumapili, 12 Mei 2024.

Mimi ni mjane wa Kilolo. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, na tangu hapo kila jambo la nyumbani kwangu naliandika na siku yake. Hata kadi ya kliniki ya binti yangu niliitunza mimi. Alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo. Alipomeza vidonge vya hospitali sauti zilinyamaza, akarudi kwenye cherehani yake.

Lakini niliona aibu, jamani! Mimi, mzee wa kanisa, niwe mama wa mgonjwa wa akili?

Nikamfungulia moyo rafiki yangu, kiongozi wa maombi. Nikamwambia na la bibi yangu, aliyeugua vivyo hivyo.

"Dada, huwezi kumshika Mungu mkono huu na vidonge mkono huu," akasema. "Vilete madhabahuni, utoe ushuhuda."

Binti yangu alinisihi. "Mama, usivichukue. Hivyo ndivyo vinavyonipa usingizi."

"Una imani haba," nikamjibu. Loo, ulimi wangu!

Nilivipeleka. Nikasimama mbele ya usharika, nikasoma ushuhuda nilioandika kwa mkono wangu mwenyewe: mwanangu amepona. Makofi yalivyopigwa! Tarehe 14, siku yake ya kliniki, nikaifuta kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Tarehe 2 Juni alitoka ibadani mbio, amejiziba masikio, akaanguka mtaroni. Akavunjika mkono, ule ule wa kushonea.

Nikamtazama rafiki yangu anisaidie. Akawageukia watu: "Bibi yao naye alikuwa hivi hivi. Mizimu ya ukoo wanaificha wenyewe, halafu wanamsingizia Mungu!"

Siri yangu! Nilimpa yeye peke yake.

Nilisalitiwa, ndiyo. Lakini mwanangu alisalitiwa kabla yangu, na msaliti wake ni mimi.

Sasa anaishi Soweto, Mbeya, kwa shangazi yake. Ameanza dawa tena, anashona kidogo kidogo. Juzi nilimpigia kumuuliza kliniki ni lini.

"Kadi anayo shangazi, mama," akasema kwa upole. Akakata simu.

Wazazi wenzangu, ombeni; hata mimi ningali naomba. Lakini msiiguse dawa ya mtoto ili ninyi mpigiwe makofi. Mimi niandikaye tarehe ya kila kitu, ile ya mwanangu siijui.