Mgeni Aliyeleta Salamu za Idd

Kabla hujanicheka, njoo kwanza nyumbani kwetu, hapahapa Gisenyi, mtaa wa Waswahili, uingie chumba cha nyuma umsalimie kaka yangu. Mwambie salamu alekumu, muulize habari za leo, mpigie makofi sikioni ukitaka. Hatakuitikia. Si bubu na si kiziwi. Daktari wa misheni alimpima akasema masikio yake ni mazima kuliko yangu mimi. Ukishatoka huko ndipo uniambie kwamba haya ninayokueleza niliyaota. Niyaote vipi? Siku ya Idd, pilau iko jikoni, mwanamke gani anapata nafasi ya kulala?

Mimi nakusimulia jinsi nilivyompoteza kaka yangu, na yuko hai.

Jina lake Yusufu. Baba alikufa tukiwa wadogo, kwa hiyo tulibaki watatu: mama, yeye na mimi. Mama alimpenda kupita kiasi, na sisemi hivi kwa wivu. Haya basi, kwa wivu kidogo. Yusufu alikuwa mtu wa maneno. Akitoka kazini alianza kumsalimia mama tangu barabarani, kwa sauti ya juu, na mama akamwitikia kutoka jikoni, mpaka majirani wote wakajua mtoto wa Mama Yusufu amerudi. Salamu ile ya jioni ndiyo iliyokuwa chakula cha mama.

Kazi yake ilikuwa kiwanja cha ndege. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Wabelgiji, vilikuja vindege vidogo vya barua na vya wenye mashamba, na pale kiwanjani palikuwa na chumba cha redio. Mkuu wake alikuwa mzungu mmoja mpole, na Yusufu alikuwa msaidizi. Redio ile ilikuwa na njia kadhaa za kuongelea, na moja kati yake ilikaa kimya siku zote. Mzungu alimwonyesha mapema kabisa: hii ni ya mtu aliye taabani angani. Wewe isikilize tu, usiongee humo mpaka uitwe.

Yusufu akasikiliza mwaka wa kwanza, akasikiliza na wa pili. Hakuna aliyeita. Sasa wewe fikiria, kijana anayependa maneno amewekwa mbele ya njia tupu, safi, inayofika mpaka Bukavu, na njia nyingine zote zimejaa wazungu wanaotajiana hali ya upepo. Na kule Bukavu, kwenye redio ya huko, amekaa Shabani, mtoto wa mtaa wetu aliyecheza naye tangu utotoni. Unadhani watanyamaza?

Walianza kwa kusalimiana tu. Lakini salamu zetu unazijua. Huwezi kumuuliza mtu hali yake ukaruka ya mkewe, ukaruka ya mama yake, ukasahau homa ya mtoto aliyeugua mwezi uliopita. Atakuona una kiburi. Mtaa ukapata habari, na kila mara yule mzungu alipokwenda kula hotelini ufukweni, watu wakawa wamekwisha kumjaza Yusufu salamu za kupeleka Bukavu. Harusi, matanga, nani kajifungua, nani karudiana na mumewe, yote yalipita humo. Mimi sikutuma hata neno moja, na si kwa sababu ya akili. Sikuwa na mtu Bukavu.

Siku yenyewe ilikuwa Idd, na mvua ilianza tangu tulipotoka kuswali. Wingu lilishuka likalala juu ya ziwa, milima haikuonekana, hata ule wa moto ulikuwa umemezwa. Upande mmoja tu ndio uliofunguka, kule Rugerero, nje kidogo ya mji, jua lilikuwa linawaka kabisa. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilisimama uani na kapu la nguo nikijiuliza kama jua lile litafika kwetu nianike.

Mama aliona mwanawe aliye kazini hawezi kula mkate mkavu siku kama ile. Akafunika sahani ya pilau kwa kitambaa, akachukua mwavuli, akampelekea mwenyewe kiwanjani, saa mzungu alipokuwa hotelini. Waliporudi pamoja alasiri, mama alikuwa anacheka peke yake njiani kama msichana. Alikuwa amesema na mdogo wake, mama mdogo Zaina wa Bukavu, ambaye Shabani alimwita redioni, kwa kinywa chake, baada ya miaka mingi ya kutosikia sauti yake.

"Nimemuuliza mumoja mumoja!" akaniambia, kanga inachuruzika maji. "Batoto bote, kwa majina!"

"Na Shabani analalamika tu," Yusufu akasema, anavua viatu. "Ati iko mutu anakoroma chini ya sauti yetu. Nilimwambia, ni mvua tu, we sema, mama anangoja."

Tukala. Tulikuwa tumefurahi, niamini, sijawahi kumwona mama amefurahi vile tena.

Kabla ya magharibi tukasikia hodi. Nikaenda mlangoni mimi. Alikuwa kijana mweusi kama sisi, amevaa ovaroli ya fundi, ameloa chapachapa, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna. Shingoni alining'iniza vile vyuma vya masikioni kama alivyotumia kaka yangu kazini, na waya wake umekatika. Nikadhani ni mwenzake.

"Ingia, ndugu, mvua itakuua huko," nikamwambia. Nilisema hivyohivyo.

Akaingia, akakaa ukingoni mwa mkeka kwa adabu. Mama akasukuma sahani mbele yake, hakuigusa.

"Mama, Idd mubarak," akasema. "Mi naleta salamu za Bukavu."

Mama akafurahi upya. Mgeni akafungua kinywa, na iliyotoka ilikuwa sauti ya mama mdogo Zaina. Si mfano wake. Yenyewe, na kikohozi chake cha katikati ya maneno. "Dada, sisi tuko wazima. Mutoto wa Mariamu ameota meno. Bwana yangu goti bado linamuuma. Kitenge ulichotuma nilishona, kimenikaa muzuri."

"Yewe!" mama akapiga makofi. "Ni yeye kabisa! Kijana, unaigiza kuliko redio!"

Mgeni hakucheka. Akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya mama yangu. Alitaja watoto wa Bukavu mmoja baada ya mwingine kama mama alivyowauliza mchana ule: na Idi je, na Asha mguu wake ulipona, na yule mudogo anasoma? Mama akaacha kupiga makofi, mikono ikabaki hewani. Kisha ikatoka sauti ya Yusufu. "Ni mvua tu. We sema, mama anangoja." Yusufu alikuwa mbele yangu, mdomo ameufumba.

Ndipo nikaona maji. Mtu akikaa ndani, maji ya mvua hukoma kumchuruzika, sivyo? Yake hayakukoma. Yalitoka mikononi mwa ovaroli, yakapita chini ya mkeka mpaka kwenye nyayo zangu, baridi ya ziwa, na yalinuka petroli.

"Nani alikupa maneno haya?" Yusufu akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuna aliyenipa," mgeni akasema, sasa kwa sauti yake, taratibu, bila hasira. "Nilikuwa kwa njia ileile. Monsieur, rubani wangu, alikuwa anaita, anaita, na kila akiachia kitufe asikie jibu, anasikia nyinyi. Yeye Kiswahili hajui. Akaniuliza, banasema nini? Nikamwambia, banasalimiana, Monsieur. Tukazunguka. Akaniuliza, bado? Nikamwambia, bado. Sasa bamefika kwa batoto."

Kaka yangu alielewa kabla yetu. Nilimwona akipungua palepale alipokaa.

"Mi pia niko na salamu," mgeni akasema. "Niliona si adabu kukata mazungumuzo ya mama. Nilingoja mumalize. Bon. Mumemaliza?"

Akamgeukia Yusufu, akamtazama usoni, akaita kama wanavyoita kazini kwao: "Gisenyi, Gisenyi, unanisikia?"

Nilimrukia kaka yangu nikamshika shati. "Usimujibu!" nikapiga kelele. "Yusufu, usimujibu huyo!"

Lakini mama yangu ndiye aliyetufundisha kuitikia hata salamu ya mwendawazimu sokoni. Sijui kama alikuwa hajaelewa, au alielewa akaona haya. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mujibu mugeni, mutoto wangu," akasema. "Mutu ameita. Tunamuacha vipi bila jibu?"

Na Yusufu, ambaye hakuwahi kumkatalia mama kitu, akajibu. "Gisenyi nakusikia."

Mgeni akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. "Merci," akasema. "Donc, kaa kwa njia. Usitoke. Tutakuita."

Akasimama, akatushukuru kwa pilau ambayo hakuila, akatoka. Nilimfuata mpaka kizingitini na barabara haikuwa na mtu.

Kesho yake wavuvi walikuta kipande cha bawa la ndege kinaelea ziwani, na siku zilizofuata wakampata rubani, mzungu, bado amefungwa kitini. Fundi wake hakupatikana mpaka leo. Sokoni mama mmoja aliyeteremsha viazi kutoka Bugeshi, huko milimani, alisimulia kwamba siku ya Idd walisikia ndege juu yao ndani ya wingu, inazunguka, inazunguka, mpaka kichwa kikamuuma, halafu ikaelekea ziwani. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika kapu, na nilitaka kumpiga mtu, sijui nani. Rugerero kulikuwa wazi! Hata mimi niliona, mimi na nguo zangu mbichi. Maneno mawili tu yangetosha kuwaelekeza huko, watoke ndani ya wingu.

Mzungu wa kiwanjani alikuja nyumbani kumuuliza Yusufu kama alisikia lolote. Yusufu aliinua kidole kimoja, hivi, kama unavyomnyamazisha mtu unapotaka kusikia kitu cha mbali. Mzungu akauliza tena. Kidole kilekile. Kazi ikaisha hapo, na tangu hapo kaka yangu hakutoka kwenye ile njia. Anakula ukimwekea, anaoga, analala kidogo. Mengine yote ni kusikiliza.

Kila asubuhi mama alisimama mlangoni kwake. "Yusufu, umeamuka je, mutoto wangu?" Kidole. Jioni vilevile, kidole. Kwa miaka. Unajua maana ya mama kumsalimia mwanawe kila siku asiitikiwe? Alikonda mbele ya macho yangu kwa njaa ya neno moja, na mimi nikamchukia kaka yangu, kisha nikajichukia kwa kumchukia.

Mama alipokuwa anakata roho, tulimleta Yusufu tukamketisha kando ya kitanda. Mama akamsalimia. Kidole. Akaniangalia mimi, akasema kwa shida, "Mwite vile. Vile alimwita yule."

Sikutaka. Wallahi sikutaka. Lakini ningemnyima vipi? Niliinama nikasema, "Gisenyi, Gisenyi, unanisikia?"

Uso wa kaka yangu ukawaka kama zamani. "Nakusikia!" akapaza sauti, sauti yake ileile ya barabarani. "Nakusikia vizuri! Wingu limefunguka Rugerero! Musije ziwani, muje Rugerero, kuko jua, kuko wazi, nawangoja!"

Mama akatabasamu, akamwitikia kwa kichwa, akafa. Alidhani ameambiwa yeye, au alitaka iwe hivyo. Yusufu aliendelea kusema Rugerero, Rugerero, mpaka usiku, akingoja sauti imjibu, na haikumjibu. Sijamwita vile tena.

Wewe unayenisikiliza, ukikuta njia imeachwa tupu, usidhani umeokota cha bure. Imeachwa tupu kwa ajili ya mtu, na siku atakayoihitaji hatakuwa na muda wa kukungoja umalize kuuliza habari za watoto. Na jambo lingine. Nilikwambia uingie chumba cha nyuma umsalimie kaka yangu. Nimebadili mawazo. Ingia umwone, lakini nyamaza. Bado anasikiliza.