Msalaba Mdogo Kwenye Rejista

Juzi, nikipita nyuma ya soko la Manika, hapa Kolwezi, niliwakuta vijana wa kwaya wakibandika tangazo ukutani. Gundi yao ilikuwa kwenye kopo la maziwa: unga wa muhogo uliopikwa kwa maji hadi ukavuta, wenye ule uchachu unaobaki puani hata baada ya kuondoka. Nilisimama kidogo. Mmoja wao akaniuliza, "Mama, unatafuta muntu?" Nikasema hapana, nikaendelea na njia yangu. Lakini sikuwa tena mama mtu mzima mwenye kikapu cha mboga. Nilikuwa na miaka kumi, vidole vimeganda gundi, nimeketi kwenye meza ya mwalimu wa darasa la tano, na mbele yangu ipo rejista niliyoipasua kwa mikono yangu mwenyewe.

Habari hii sijaizoea kuisimulia. Mnivumilie.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba mabamba ya shaba kutoka Kolwezi hadi mpakani Kasumbalesa, na huko malori hupanga foleni ndefu ambayo mtoto hawezi kuiona mwisho wake hata kwa mawazo. Angeweza kukaa kwenye foleni wiki mbili, wakati mwingine tatu. Akirudi, alinuka mazuti, yale mafuta ya lori, na vumbi, na mimi nilimlalia kifuani hivyo hivyo kabla hajaoga, mama akitugombeza sote wawili.

Asubuhi moja shangazi alikuja kuniombea ruhusa shuleni kabla ya mapumziko. Aliniambia tunakwenda kwake Mutshatsha kutembea. Katikati ya masomo, fikirini. Sikuuliza chochote, nisije nikambadilisha nia. Tulipanda garimoshi lililochelewa nusu siku, nikala mahindi ya kuchoma njia nzima, nikahesabu magunia ya makaa kwenye kila kituo. Nilikaa huko majuma matatu. Nilicheza, nilinenepa. Kati ya yote nitakayowaambia, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine: kwamba zile zilikuwa siku za furaha.

Niliporudi, mama alikuwa amenyoa nywele. Kiti cha baba hakikuwepo sebuleni, na pale palipokuwa na picha yake ukutani palibaki mraba mweupe.

"Papa iko wapi?"

"Iko ku foleni, Kasumbalesa," mama alisema bila kunitazama. "Atarudia."

Kumbe nilipokuwa kwa shangazi, mtaa mzima ulikuwa umelia nyumbani kwetu. Homa ilimkamata baba huko mpakani, akafa hospitalini, akazikwa huko huko. Wakubwa walikubaliana kwamba mimi bado mdogo, nitaambiwa baadaye. Na kwa kuwa mtaa mzima ulikuja kwenye kilio, watoto wote wa darasani walijua. Kila mmoja alikuwa ameonywa kwao asiniambie.

Mimi nilichoona ni kwamba darasa limebadilika. Wasichana tulikuwa na mchezo wetu wa nzango: mnasimama wawili mkitazamana, mnapiga makofi, mnarusha miguu, na anayekosea hatua anatoka. Sikuwahi kuwa hodari wa mchezo huo. Sasa nilishinda kila siku. Hata Feza, jirani yangu wa dawati, ambaye miguu yake haikuwahi kukosea, alianza kukosea akisimama mbele yangu. Nikikaribia kundi, mazungumzo yanakatika. Feza alinimegea mkate wake kabla sijaomba, huku macho yake yakiwa kwenye meza.

Siku moja aliponiachia nishinde kwa mara ya tatu mfululizo, nilimpiga kofi. Damu ikamtoka puani. Hakunirudishia, na hilo likanikasirisha zaidi.

Kuanzia hapo nikawa mtoto mwingine. Nilirarua madaftari ya wenzangu, nilimwaga maji ya kufutia ubao, nilijibu walimu kwa kiburi. Hesabu, ambazo nilizipenda, niliziacha wazi. Mwalimu wetu, Metre Kasongo (walimu wa kiume tuliwaita Metre), alikuwa mtu mrefu mwenye koti moja la kijivu na kikohozi kisichokwisha. Mwanzoni alinifanya kama walimu wengine wangenifanya: alinipigisha magoti juani, aliniita mbele, aliniuliza nina shida gani. Nilimwambia sina shida. Mimi mwenyewe sikuijua.

Mwisho wa muhula alikuwa akijaza upya rejista, lile daftari kubwa lenye majina yetu, ya wazazi wetu na kazi zao. Alituita mezani mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika aliuliza jina la mama na kazi yake, kisha akasema, "Basi, ukae." Hakuuliza jina la baba. Nilichungulia. Jina la baba lilikuwa limeshaandikwa, na kando yake palikuwa na msalaba mdogo wa wino mwekundu.

Misalaba niliijua. Kila Jumapili tulipita kando ya makaburi tukienda misa. Hata hivyo sikufikiri neno lolote. Nilishika rejista kwa mikono miwili, nikaivuta mpaka mgongo wake ukakatika, na kurasa nilizoweza kuzipata nikazipasua. Nilisikia tu karatasi, na pumzi yangu.

Direkta wa shule alitaka nifukuzwe siku hiyo hiyo. Kwake rejista ilikuwa kitu cha serikali, nami nilikuwa nimeiaibisha shule. Nilisimama kwenye kona ya ofisi yake, nikamsikia Metre akisema taratibu, "Direkta, muniachie ye. Tutaitengeneza rejista, mi na ye."

"Na kama ataipasua tena?"

"Basi mutatufukuza wote wawili."

Ndivyo zilivyoanza zile alasiri zetu. Wenzangu wakitoka, mimi nilibaki. Metre alileta gundi ya muhogo aliyopika mkewe na brashi aliyoitengeneza kwa manyoya ya kuku. Tulipanga vipande juu ya meza, tukatafuta mistari inayokutana, tukabandika karatasi nyembamba kwa nyuma. Hakunihubiria. Aliniambia tu, shikilia hapa, puliza hapa, usiharakishe. Akikohoa, aligeuka pembeni ili asipeperushe vipande. Siku ya pili alinipa hesabu moja ngumu ya kugawanya, niifanye huku gundi ikikauka. Niliifanya. Kesho yake akaniletea nyingine.

Siku hizo hizo aliwakuta wasichana uwanjani wakiniachia nishinde. Alisimama akatazama, kisha akasema bila kupaza sauti, "Mwenye kukosea, atoke. Hapa hakuna wa kuhurumia mwenzake ku muchezo." Feza alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nimpige. Akanitoa kwa hatua nne. Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba nilishindwa, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Alasiri ya tano tulifikia ukurasa wangu. Mpasuko ulikuwa umepita juu ya jina la baba, na msalaba ulikuwa mzima. Metre aliweka brashi chini.

"Hii musalaba, ni mi niliiandika," alisema.

"Juu ya nini?" niliuliza, nikitaka sababu.

Alinitazama, akaitazama ile karatasi, akaonekana mtu aliyechoka. "Niachie kwanza nione mama yako," akasema.

Alikwenda jioni hiyo. Walizungumza uani, mimi nikafungiwa chumbani. Kesho yake alinikuta nimeshafika mezani, nikimsubiri.

"Ngoie," aliniambia, "mama yako atakuambia, ye mwenyewe. Mi siwezi kusema, nilimupa neno. Lakini sitakudanganya. Ukiniuliza kama Papa iko ku foleni, sitakujibu ndiyo."

Nilimuuliza. Hakujibu. Tukakaa hivyo, yeye na kikohozi chake, mimi nikitazama dirishani malori yakipita barabarani. Kisha nikachukua brashi, nikaendelea kubandika, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Nyumbani nilimkuta mama akichekecha unga. Nilikuwa nimelipanga neno langu njia nzima. Kama ningesema nimetambua mwenyewe, angenijibu tena kwamba baba yuko foleni, nami nisingekuwa na la kumjibu. Nilihitaji neno la mtu mkubwa.

"Metre anasema Papa alishakufa."

Chekecheo kilisimama. Mama aliketi chini, pale pale penye vumbi la unga.

"Ni ye alikuambia?"

"Ndiyo. Ni ye."

Alinivuta akanikumbatia, na ndipo nikamsikia akilia. Siku zote hizo alikuwa hajalia mbele yangu. Alinieleza yote usiku kucha: homa, hospitali, shimo lililochimbwa na madereva wenzake. Nililia mpaka nikatapika. Lakini mtanisadiki nikiwaambia kwamba ndani ya kilio kile mlikuwa na kupumua?

Baba mdogo alipopata habari alifoka. Asubuhi iliyofuata tulikuwa ofisini kwa direkta: yeye, mama aliyejifunika kitenge kichwani, mimi, na Metre Kasongo amesimama karibu na mlango.

"Mambo ya nyumba yetu, nani alimutuma kuisema?" baba mdogo aliuliza. "Mutoto anaambiwa kifo cha baba yake ku masomo, kama habari ya redio?"

Direkta alinigeukia. "Ngoie, sema kweli. Ni Metre alikuambia?"

Nilimtazama Metre. Hakunikunjia uso, hakunipa ishara yoyote. Alikuwa anasubiri kama sisi wengine. Mama alikuwa ameinama. Nikawaza kwamba nikisema hapana, nitaonekana mwongo mbele ya baba mdogo, ambaye mkanda wake niliujua.

"Ndiyo," nikasema.

"Ni kweli, Direkta," Metre akasema. "Ni mi."

Juma lililofuata tulipewa mwalimu mwingine. Metre alipelekwa kwenye shule ya mbali, njia ya Mutshatsha, mahali ambapo alikwenda kwa baiskeli na kulala huko majuma mengi, familia yake ikibaki Kolwezi. Rejista haikumalizika. Mwalimu mpya alinunua nyingine, na ile yetu sikuiona tena. Feza hakuniuliza kitu, nami sikumwambia. Nilirudia hesabu zangu, nikapita darasa, watu wakasema mtoto yule ametulia.

Nilikuwa kwenye shule ya sekondari tuliposikia kwamba Metre Kasongo amerudishwa kwao mgonjwa, kile kikohozi kimemshinda. Hakukaa sana. Mama alikwenda kwenye kilio. Mimi nilisema nina mtihani. Sikuwa na mtihani.

Leo mimi pia ni mwalimu. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba Metre alijitwika kosa langu kwa huruma tu. Baadaye, nikiwa mbele ya watoto wangu darasani, nikaanza kuona zaidi. Angekana, wakubwa wangegeukia uongo wangu, na kifo cha baba kingerudishwa ndani ya kabati kilikotoka. Aliposema "ni mi," habari ile ikawa imesemwa na mtu mzima, mbele ya watu, na hakuna aliyeweza kuifuta. Na labda aliona kwamba kweli ni yeye aliyeniambia, kwa ule msalaba. Sikumuuliza.

Ninao watoto wanaorusha mawe, wanaolala juu ya meza, wanaotukana. Ninabaki nao alasiri, nawapa kazi ya mikono, nangoja. Wengine hufunguka. Wengine huacha shule kabla sijajua kilichowasumbua, na nikiwakuta barabarani wananipita kama hawanijui.

Mwaka jana tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, mama na mimi, naye akaanza bila kuulizwa.

"Ule Metre alinipa neno lake kwamba hatakuambia. Alikuwa muntu wa neno." Alichagua jani, akatupa shina. "Ile siku ku ofisi, nilijua unadanganya."

"Na ulinyamaza?"

"Nilinyamaza. Kama ningesema si ye, wangeniuliza basi ni nani, na juu ya nini mi mama sikusema mwanzoni. Nilikuwa na haya."

Akanisogezea fungu jingine la sombe, tukaendelea kuchambua.

Kwa hiyo mle ofisini tulikuwa watu watatu tulioujua ukweli, na mmoja tu ndiye aliyeulipia. Mke wa Metre bado anaishi Manika, mitaa miwili kutoka nyumbani kwangu. Ni mzee sasa, huketi mlangoni akipepeta mchele, na hunisalimu nikipita kwenda kazini: "Jambo, Madamu." Anafikiri mumewe alihamishwa kwa sababu alivunja siri ya watu. Ninamwitikia, nauliza hali ya magoti yake, ananijibu, nami naendelea kutembea.