Wimbo wa Leokadia Ukumbini Toongabbie

Hadi leo nikipita karibu na ule ukumbi wa Toongabbie, mtaa tunaoishi huku ughaibuni, huwa nainamisha uso, kwa sababu ndani yake niliimba wimbo wa maiti kwenye sherehe ya mtoto mchanga, na hakuna aliyenituma, nilisimama mwenyewe.

Mtoto alikuwa wa Espe, rafiki yangu tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee, na mchana ule ulikuwa na joto la kusinzisha, watu wameshiba wali, watoto wamelala juu ya viti, jua linatambaa sakafuni polepole, nami nikaona nitoe ule wimbo aliokuwa akinibembelezea mama tulipokuwa kambi ya wakimbizi Kigoma: "Lala Leokadia, maji ndiyo shuka lako." Watu wakafumba macho, wakaanza kuyumba, kichwa kikanivimba (sauti ninayo kidogo, nisifiche), nikawaambia waitikie, nikampakata hata mtoto mwenyewe, na ukumbi mzima ukamwimbia kama tuko ndotoni.

Bibi yake Espe, mzaliwa wa Kigoma aliyekuja kumwona kitukuu, akaweka sahani chini.

"Mwanangu, Leokadia unamjua?"

"Ni jina tu la kwenye wimbo, bibi."

"Ni dada yangu. Mumewe alimnyonga, akamtupa mtoni, akasema kateleza akifua."

Nikatamani ardhi inimeze, lakini mtoto wa watu nilikuwa bado nimempakata. Bibi akaendelea, bila hasira, kwamba yeye alikuwa msichana mdogo na aliziona alama za vidole shingoni walipokuwa wakimwosha marehemu, ila mume yule aliogopwa, hakuna aliyethubutu kumshtaki, ndipo wanawake wakatunga wimbo, wakawa wanauimba kila alipopita, kisimani, shambani, sokoni, mpaka usingizi ukampotea, akaenda mwenyewe polisi kusema alichofanya.

Nikaanza kuomba radhi, na Espe akaja kumchukua mwanawe bila kunitazama.

"Umeimba vizuri," bibi akaniambia. "Ila umeruka ubeti wa mwisho. Umemwacha muuaji."

Akauimba yeye, kwa sauti nyembamba, akamtaja shemeji yake kwa jina lake kamili, na safari hii hakuna aliyeitikia.

Espe alininunia wiki mbili kazini, na haki yake. Mimi nimejiapiza: siimbi tena mbele za watu wimbo ambao sijauliza ulimlilia nani.