Chungu cha Mabaki ya Mbegu

Kunegunda wa Maposeni hakuwahi kununua mbegu ya mboga, na alihakikisha kila mtu analijua hilo. Juu ya mafiga yake kulikuwa na uchanja wa mianzi uliokolea moshi, na juu ya uchanja vibuyu vimejipanga: cha kunde, cha maboga, cha bamia, cha mchicha, cha mnavu. Mbegu aliichagua mmea ungali shambani. Shina lililostawi kuliko wenzake alilifunga kitambaa ili mtoto asije akalichuma. Likikauka alipura, akaanika kivulini, akachanganya na majivu ya maganda ya maharage, akaziba mdomo wa kibuyu kwa nta. Kazi iliyobaki ilikuwa ya moshi.

Mvua zikikaribia, wanawake wa jirani walimjia naye akawagawia kwa kiganja, bure. Bure, lakini hawakuondoka bila maneno.

"Nasikia wifi yangu Ida kanunua pakiti mjini," aliwaambia mwaka mmoja, Ida mwenyewe akiwa amekaa pale pale. "Ina picha nzuri ya kabichi. Isipoota, tutapika picha."

Ida, dada wa mumewe, alicheka na wenzake. Angefanyaje?

Ndipo ikaja ile miaka ya ruksa, maduka ya Songea yakajaa kila kitu na wachuuzi wakatandaza bidhaa hadi njiani. Mwaka mmoja katika miaka hiyo Kunegunda alifungua kibuyu cha kunde akakuta fukusi. Si wachache. Kunde zilikuwa na matundu, na ukizipuliza zinatoa unga. Alikifunga haraka kama mtu aliyechungulia asipotakiwa. Baadaye alifunga mlango, akaokota zile nzima mojamoja, kisha akaenda mjini akiaga kwamba anafuata chumvi.

Sokoni palikuwa na mchuuzi mmoja anayeuza dawa kutoka kwenye debe lisilo na maandishi. Alipima kwa kijiko, akafunga kwenye karatasi. Ilikuwa unga laini wa kijivu.

"Hii ni ya mbegu ya kupanda tu, mama," alimwambia bila kuulizwa. "Haina urafiki na chungu. Ukishaishika, nawa mpaka kwenye viwiko."

Kijivu kama majivu. Hilo ndilo lililompendeza Kunegunda: hakuna atakayejua. Akachanganya, akaziba kwa nta, akakipandisha kibuyu mahali pake. Mvua ziliponyesha akagawa kwa kiganja kama siku zote, na ulimi wake ukawa ule ule.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi, na majirani wengi waliifuata. Mbegu iliyobaki baada ya kupanda hairudi kibuyuni. Imekwisha kusikia mvua, walisema. Ukiirudisha gizani itanuna, na mwakani haitaota. Basi huoshwa majivu, ikapikwa chungu kimoja, kunde na maharage na mbegu za maboga, na watoto ndio wanaotangulia kula. Mwenye kukipika chungu hicho alikuwa mama mkwe wake, Mama Benigna. Kunegunda aliijua desturi hiyo kama alivyojua jina lake. Alijiambia atayafukia yale mabaki ya kunde kabla bibi hajayakumbuka. Leo mvua, kesho palizi, akasema keshokutwa.

Asubuhi moja alikuwa bustanini karibu na kijito, anapunguza miche, Ida akashuka na ndoo.

"Wifi, usichelewe kupanda kwenda nyumbani. Mama kaweka chungu."

"Chungu gani?"

"Cha mabaki. Watoto wamelizunguka jiko kama vifaranga. Kakishusha na kile kibuyu chako cha shingo ndefu, anasema leo tule kunde za malkia wa mbegu."

Jembe lilimtoka Kunegunda mkononi. Alikwisha kuruka matuta mawili kabla Ida hajatua ndoo. Njia ilikuwa utelezi mtupu, akaanguka, akaamka na tope mpaka kifuani, akakimbia tena. Masikio yake yalikuwa yanatafuta kilio huko juu. Hakusikia kilio, na kutosikia kukamwogopesha zaidi. Dorine, binti yake mdogo, ndiye anayekaaga mbele siku zote, anayepakuliwa wa kwanza. Watoto ndio wanaotangulia kula. Maneno hayo yalimpiga kisogoni kila alipokanyaga.

Alipoingia uani watoto walikuwa wamekaa duara, Dorine mbele, viganja vimekingwa. Mama Benigna alikuwa ameshika upawa, chungu kinatoa mvuke mbele yake. Kunegunda alikikamata chungu kwa mikono mitupu, kikamuunguza, akakibeba hivyo hivyo mpaka kwenye shimo la taka, akakimwaga chote.

"Umemwaga chungu cha mbegu," alisema Mama Benigna taratibu. "Mbele ya watoto. Na mimi nimekaa hapa."

"Nani amekula?" Kunegunda aliwageukia watoto. "Semeni. Nani amekula?"

"Bibi alikuwa hajatugawia," alisema Dorine, akaanza kulia kwa njaa.

Hawajala. Na papo hapo, pumzi haijatulia, uongo ukamjia tayari umevishwa nguo.

"Niliona mjusi humo, Mama. Mjusi mzima."

Watoto wakacheka na kukimbilia shimoni kumtafuta, akawafukuza kwa ukali hata wakashangaa. Mama Benigna alitikisa kichwa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mjusi. Kumbe asubuhi nzima naonja chumvi kwenye mchuzi wa mjusi. Nimetafuna na kunde zake, nilitaka kujua kama zimeiva." Alijifuta tena. "Halafu majivu yako ya mwaka huu makali, mama Dorine. Nilipopeta, vumbi lake limenikaa kifuani. Mpaka sasa macho hayaoni vizuri."

Kunegunda alimtazama, na ndipo alipoona. Jasho lilikuwa linamtiririka bibi usoni, na asubuhi yenyewe ya baridi. Mate yalimjaa mdomoni akiyafuta hayaishi. Upawa ulitetemeka mkononi. Mboni za macho zimesinyaa, ndogo kama mbegu ya mchicha.

Angeweza kuushikilia ule uongo wa mjusi. Bibi angelazwa, ingesemwa ni homa, ni uzee. Aliliona hilo wazi, na kuliona kukamtia hofu kuliko zile mboni.

"Si majivu, Mama."

"Nini si majivu?"

"Niliweka dawa. Ya sokoni. Kunde zilikuwa zimeingiwa na fukusi, nikaona aibu. Ni sumu, Mama. Twende hospitali Peramiho sasa hivi."

"Fukusi," alisema Mama Benigna, kama mtu aliyetajiwa mgeni asiyemjua. "Kwenye kibuyu chako." Kisha akainama akatapika.

Ida alifika akihema. Jirani yao Rupert akaitwa na baiskeli yake, bibi akapandishwa kwenye keria na kufungwa kwa kanga kiunoni mwa Rupert asije akadondoka, Ida akishika kwa nyuma. Kunegunda alikuwa ameshakishika kile kibuyu aende nacho, madaktari wakione. Mama Benigna alikitazama.

"Mpe Ida. Wewe umempa nani mwingine mbegu hizo?"

Kunegunda aligeuka akatazama njia ya kwa majirani.

"Nakuuliza. Nao wana vyungu. Nao wana watoto. Mimi nina Ida, wewe nenda kwa wenzio."

"Mama, siwezi kukuacha hivi."

"Mimi nimekwisha kula. Nenda."

Akaenda. Alianza kwa Oliva, aliyekuwa anasuka mkeka barazani.

"Zile kunde, Oliva. Zilizobaki usizipike. Nilizitia dawa."

"Dawa? Wewe?" Oliva alicheka, akidhani ni moja ya kejeli zake. Alipouona ule uso wenye tope akaacha kucheka, akaingia ndani mbio, akatoka na beseni. Kunde zilikuwa zimelowekwa tangu usiku, zimevimba, zinasubiri moto tu. Wote wawili walisimama wakiliangalia beseni, hakuna anayetaka kuligusa.

Nyumba iliyofuata, mwanamke ambaye naye aliwahi kununua mbegu za dukani alimsikiliza mpaka mwisho akamwambia, "Na bado ulinicheka mimi na pakiti." Kunegunda akajibu ni kweli, akaondoka, maana nyumba zilikuwa bado. Kila mlango alitamka maneno yale yale, na kila aliporudi njiani aliangalia upande wa Peramiho, kama vile angeweza kuona kitu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mwamvua, mke wa Bashiru, waliohamia kutoka Tunduru. Alibisha hodi, hakuna jibu. Hakuna sauti ya mtoto, na Mwamvua ana watoto watatu. Jikoni chungu kimefunikwa kando ya mafiga, bado cha moto. Kunegunda alisimama mbele yake mkono ukikataa kwenda. Akajilazimisha, akafunua. Viazi.

"Shoga, unafunua chungu cha watu?"

Mwamvua alikuwa mlangoni na kuni kichwani, watoto nyuma yake. Kunegunda alikaa chini pale pale, mfuniko mapajani, akasema aliyokuja kusema. Mwamvua alitua kuni, akafungua pindo la kanga, akatoa fundo dogo la kunde alizokuwa amekusudia kuzipika jioni.

"Alhamdulillahi," alisema. "Shika mzigo wako."

Peramiho alifika jua likiegemea. Mama Benigna alikuwa amelala kitandani, amechomwa sindano, anahema kwa shida lakini anahema. Kunegunda alisimama mwishoni mwa kitanda, hakuthubutu kusogea.

"Umefika kote?" aliuliza mzee bila kufumbua macho.

"Nimefika, Mama."

"Kuna aliyekula?"

"Hakuna."

"Basi kaa. Unanizibia hewa."

Alikaa, na alibaki pale mpaka mzee alipoweza kutembea mwenyewe kwenda msalani. Mama Benigna aliishi miaka mingi baada ya hapo, ila kikohozi hakikumtoka tena.

Msimu uliofuata hakuna mwanamke aliyekuja kuomba mbegu, na Kunegunda hakumlaumu mtu. Mwaka wa pili alikuja Oliva, akasimama mbali kidogo na mlango. Kunegunda alishusha kibuyu, akamimina kunde kiganjani, zimepakwa majivu. Akachukua moja, akaitia kinywani na majivu yake, akaitafuna mpaka ikaisha, akameza. Ndipo akanyoosha mkono kumpa. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Amefanya hivyo kwa kila anayekuja, kwa kila kibuyu, na majivu yale ameyatengeneza mwenyewe, anayajua. Hata hivyo huigeuza mbegu kwenye mwanga kabla ya kuitia mdomoni, na wanawake wa Maposeni wamejifunza kutazama pembeni mpaka amalize kumeza.